Hati Iliyofungwa Ndani ya PDF: Kisa cha Ombi la Ufadhili la Wakulima wa Mpunga

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Kisumu na katika uwanda wa Kano, ndani ya juma moja. Jina la kikundi, la mfadhili na ya wahusika wote yameondolewa, na viwango vya fedha vimebadilishwa kidogo bila kuvuruga hesabu yake. Mimi niliitwa kusaidia siku ya tatu. Yaliyotangulia niliyasikia kwa katibu wa kikundi na kwa kijana wa saiba (duka la huduma za intaneti), kisha nikayalinganisha na faili zenyewe, kwa kuwa kila faili hubeba tarehe na saa ya kuhifadhiwa kwake. Baadhi ya makosa yanayoelezwa hapa ni yangu.

Usuli

Kikundi kina wanachama 38, wakulima wa mpunga wa kumwagilia. Shida yao kubwa huja baada ya mavuno. Mpunga huanikwa kando ya barabara juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja, na mvua ya ghafla ikishuka hulowa upya. Mpunga uliokauka vibaya ukipelekwa kinuni, mchele hutoka umevunjikavunjika na bei hushuka. Mwaka uliotangulia waliandika ombi la kupata sakafu ya saruji ya kuanikia, mashine ya kupuria na turubai kubwa.

Aliyeliandika ombi hilo alikuwa kijana wa mmoja wa wanachama, aliyejitolea bila malipo. Alitumia LibreOffice Writer kwenye kipakatalishi chake, programu ambayo huhifadhi hati katika umbizo, yaani muundo wa faili, la ODT, mojawapo ya maumbizo ya OpenDocument yaliyopitishwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Alipomaliza alitoa PDF, akaituma kwa barua pepe ya kikundi, na nakala moja ikachapishwa na kutiwa kwenye jalada la katibu. Ombi lile halikufaulu. Miezi michache baadaye kijana alipata kazi katika nchi mojawapo ya Ghuba, akauza kipakatalishi ili aongezee nauli, akaondoka. Kikundi kikabaki na PDF na karatasi, na hakuna aliyeona kasoro yoyote katika hilo, kwa sababu hati ilikuwa inasomeka vizuri.

Ndipo akatokea mfadhili mwingine. Masharti yake yalikuwa matatu: ombi liletwe katika umbizo la DOCX, lile la Microsoft Word, kwa kuwa wasomaji wake huandika maoni ndani ya hati yenyewe, lisizidi kurasa 25, na orodha ya wanachama iletwe kama faili ya peke yake. Mwisho wa kuwasilisha ulikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Tangazo lenyewe lilimfikia katibu kwa WhatsApp Jumatatu asubuhi ya juma lilo hilo.

Mambo yalivyotukia

Katibu ni mwalimu mstaafu, mtu wa kutoahirisha mambo. Jumatatu hiyo hiyo alipanda matatu hadi mjini Kisumu, akaingia saiba moja karibu na stendi, akamweleza kijana wa pale kwamba anataka PDF yake iwe hati ya Word ili aweze kuihariri. Kijana alitafuta mtandaoni, akafungua mojawapo ya tovuti za kwanza zilizojitokeza, akapakia faili nzima: kurasa 23 za ombi pamoja na kurasa 3 za kiambatisho. Kiambatisho hicho ndicho kilichokuwa na orodha ya wanachama, yaani majina, nambari za vitambulisho vya taifa, nambari za simu, ukubwa wa mashamba, na sahihi zilizopigwa skani.

Kazi ilipokwisha, ukurasa ulionyesha kitufe kikubwa cha kijani chenye neno la kupakua. Kijana alikibofya, na iliyoshuka haikuwa hati bali faili yenye mwisho wa exe, yaani programu, maana kitufe kile kilikuwa tangazo. Aliitambua, akaifuta bila kuifungua, akakitafuta kitufe halisi, ambacho kilikuwa kidogo, cha kijivu, chini ya ukurasa. Katika mambo yote ya Jumatatu ile, hili ndilo lililofanywa kwa ustadi, na ni haki kulitaja.

Hati ilifunguka. "Mwalimu, hebu angalia, imetoka vile vile," kijana alisema. Katibu alipitisha macho kurasa nne au tano, akaona vichwa viko, majedwali yako, nembo ya kikundi iko. Alilipa shilingi 100, akaihifadhi kwenye flashi, akarudi nyumbani.

Jumanne aliketi kwenye kompyuta ya binti yake ili aongeze aya moja kuhusu mafuriko ya msimu uliopita, kwenye ukurasa wa nne. Alipoandika sentensi ya kwanza, maandishi yaliyofuata hayakusogea kama maandishi yanavyosogea, bali mstari mmoja ulikatika ukaacha maneno mawili peke yao, huku aya ya chini ikibaki pale pale na kufunikwa na ile mpya. Nambari ya ukurasa, tarakimu 4 iliyokuwa chini kabisa, ilijikuta katikati ya ukurasa wa tano kama neno la kawaida. Kila alipopasawazisha mahali pamoja, pengine paliharibika. Baadaye aliniambia kwamba ilikuwa kama kuziba paa la nyasi mvua ikiwa inanyesha. Alihangaika kwa saa nne.

Alipofika kwenye bajeti ndipo alipoogopa. Jedwali la bajeti lilianzia ukurasa wa 14 na kumalizikia ukurasa wa 15. Katika PDF, mstari wa turubai ulisomeka hivi: turubai za kuanikia, idadi 12, bei 4,500, jumla 54,000. Katika hati mpya, idadi na bei zilikuwa zimesukumwa ndani ya kisanduku kimoja na nafasi iliyozitenganisha imetoweka, hata ikasomeka "124,500", huku kisanduku cha kando kikiwa kitupu. Jumla ilikuwa bado 54,000. Mtu anayesoma haraka angeona kikundi kinachonunua turubai kwa shilingi 124,500, kisha kinashindwa kujumlisha. Mistari mingine mitano ya ukurasa huo ilikuwa na kasoro ya aina hiyo. Ile ya ukurasa wa 14 ilikuwa sawa, na kwa hiyo mtu aliyekagua mwanzo wa jedwali tu asingeshuku chochote.

Usiku huo alinipigia simu.

Jumatano tulikutana Kisumu. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kutafuta neno "afisa" ndani ya hati, maana nilikuwa nimeliona kwa macho yangu mara kadhaa katika maneno "afisa wa kilimo". Kompyuta ilijibu kwamba neno hilo halimo. Sababu ni kwamba fonti ya hati ya awali iliunganisha herufi f na i kuwa umbo moja, na kigeuzi kile, yaani tovuti iliyobadilisha PDF kuwa Word, kikalihamisha umbo hilo kama herufi moja ya pekee badala ya kulirudisha kuwa herufi mbili. Kwa jicho ni "fi"; kwa kompyuta ni kitu kingine. Maneno "safi", "usafirishaji", "kufikia" na "ghafi" yote yalikuwa na maradhi hayo hayo.

Hapo nikaamua kwamba faili ile haitengenezeki, na kwamba tutajenga hati upya: tutoe maandishi matupu, tuondoe miisho ya mistari isiyo ya lazima, tupange vichwa kwa mitindo halisi ya programu, na jedwali la bajeti tulichape kutoka kwenye karatasi. Tulianza. Kufikia saa kumi na mbili jioni tulikuwa ukurasa wa 11, macho yanauma, na ni wakati wa kufunga vitu ndipo nilipouliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: "Mwalimu, na yule kijana aliyeandika, hana nakala yake popote?"

"Yuko Ghuba, na kompyuta aliiuza."

"Hata hivyo mtumie ujumbe."

Jibu lilikuja Alhamisi alfajiri, kwa ujumbe wa sauti. Kabla ya kuuza kipakatalishi alikuwa amejitumia faili zake kwa barua pepe, na ODT ya ombi ilikuwamo. Ilikuwa rasimu iliyotangulia ile ya mwisho. Dakika kumi baadaye tulikuwa nayo mikononi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa Alhamisi ulikuwa kuiacha kazi ya Jumatano. Si rahisi kutupa kurasa 11 ulizozihangaikia, na nakiri kwamba kwa muda nilijaribu kumshawishi katibu kwamba tuendelee. Hata hivyo ODT ilikuwa na vichwa vilivyo vichwa kweli, tanbihi zilizofungamana na nambari zake, na jedwali lenye safu zilizo safu. Tulichokosa ni tofauti kati ya rasimu hiyo na hati ya mwisho. Ili kuipata, katibu alisoma karatasi kwa sauti, polepole, kama anayesomea darasa imla, nami nikafuata kwenye skrini. Tuligundua aya tatu zilizobadilishwa, na mstari mmoja wa bajeti, ule wa usafiri, ambao haukuwamo katika rasimu. Kazi hiyo ilichukua saa moja na nusu.

Uamuzi wa pili ulihusu mahali pa kubadilishia umbizo. Tovuti za kubadilisha ODT kuwa DOCX zipo tele, lakini hatukuwa na haja nazo, kwa kuwa LibreOffice hupakuliwa bure na huhifadhi hati moja kwa moja katika umbizo la DOCX bila kuitoa nje ya kompyuta. Tulifungua ODT, tukaihifadhi kama DOCX, tukaipeleka kwenye kompyuta yenye Microsoft Word ili tuione kama mfadhili atakavyoiona.

Huko tulikuta hati imevimba hadi kurasa 27. Hakuna neno lililoongezeka. Fonti aliyoitumia kijana ilikuwa ya kipakatalishi chake, haikuwapo kwenye kompyuta hii, na Word ikaweka nyingine yenye herufi pana zaidi. Kila mstari ukarefuka kidogo, na kidogo kidogo hicho mara kurasa 23 kikawa kurasa nne. Tulirekebisha mitindo yote itumie Times New Roman, fonti ambayo kompyuta nyingi za ofisi zinayo, na kwa kuwa vichwa na aya vilikuwa vimepangwa kwa mitindo, badiliko lilifanyika mahali pachache na kuenea hati nzima. Kurasa zikarudi kuwa 24, pamoja na aya mpya ya mafuriko. Anayefanya kazi kati ya LibreOffice na Word angefaa kujua kwamba fonti ya Liberation Serif iliundwa kwa vipimo vile vile vya upana wa Times New Roman, na Carlito kwa vipimo vya Calibri, ili mtu akibadilisha moja kwa nyingine mistari isihame.

Uamuzi wa tatu ulihusu orodha ya wanachama. Katibu alimwandikia mfadhili kuuliza kama nambari za vitambulisho zinahitajika. Jibu lilikuwa fupi: jina, jinsia na kijiji vinatosha. Safu nyingine zote zikafutwa. Ina maana kwamba zile nambari zilizopakiwa Jumatatu hazikuwa zimehitajika na yeyote.

Uamuzi wa nne hatukuupanga. Ijumaa asubuhi tulifungua DOCX kwa mara ya mwisho kwenye ile kompyuta yenye Word, na pembeni mwa jedwali la bajeti, kwenye mstari wa turubai, kukawa na kiputo cha maoni chenye jina la kijana na maneno haya: "Mweka hazina asema tuongeze kidogo hapa, watakata tu." Maoni hayo yalikuwamo ndani ya ODT tangu mwaka uliopita. PDF haikuyaonyesha kwa sababu wakati wa kuitoa hayakujumuishwa. Kwenye kompyuta yangu sikuyaona kwa kuwa nilikuwa nimezima uonyeshaji wa maoni ili nafasi ya kusomea iwe pana. Nilikuwa nimejivunia kwamba safari hii hati imevuka salama na kila kitu chake, na kweli ilivuka na kila kitu chake.

Katibu alinyamaza kwa muda, kisha akampigia mweka hazina. "Mama, ile bei ya turubai ni ya dukani ama ni yetu?" Sikusikia jibu lote, ila nilisikia, "Mwalimu, kwani nani haongezi?" Katibu alimwomba amsomee makadirio ya bei yaliyotolewa na mwenye duka. Yalisema 3,900. Tukaandika 3,900, jumla ya mstari ikawa 46,800 badala ya 54,000, na jumla kuu ikashuka kutoka shilingi 1,286,400 hadi 1,279,200. Kiasi hicho kilikuwa kimetajwa mahali patatu: kwenye jedwali, kwenye muhtasari na kwenye barua ya utangulizi. Tulivipata vyote kwa kutafuta tarakimu ndani ya hati, jambo ambalo hati ya Jumatatu isingeturuhusu kuliamini.

Baada ya kuyafuta maoni, katibu hakuridhika na neno langu kwamba yametoka. Kwa hiyo nilimfungulia hati yenyewe. Faili ya DOCX kwa hakika ni furushi la ZIP, yaani faili moja iliyobeba faili nyingine ndani yake. Ukichukua nakala yake na kubadilisha mwisho wa jina kutoka docx kuwa zip, unaweza kuifungua kama folda. Ndani mna folda iitwayo word, yenye faili document.xml ambamo maandishi yote yamo, na kama hati ina maoni huwa kuna comments.xml kando yake. Yetu haikuwapo tena. Kwenye folda ya docProps mna core.xml, na humo jina la kijana lilikuwa bado limeandikwa kama mtunzi. "Kumbe ni kapu," katibu alisema, akiinama karibu na skrini, "na kila mtu ameacha kitu chake humu." Tulirudi kwenye sifa za hati tukaondoa jina hilo na kuweka la kikundi.

Matokeo

Ombi lilitumwa Ijumaa saa tisa na dakika arobaini alasiri, katika DOCX, pamoja na PDF iliyotolewa kutoka kwenye DOCX hiyo hiyo ili mfadhili aone mpangilio tuliokusudia endapo kompyuta yake ingeubadilisha. Uthibitisho wa kupokelewa ulikuja jioni. Majuma mawili baadaye hati ilirudi ikiwa na maoni manne ya wasomaji pembeni. Moja lilikuwa kwenye mstari wa turubai, likiuliza kama bei ile inajumuisha kusafirisha. Katibu alijibu kwa kuambatisha makadirio ya mwenye duka. Hadi ninapoandika haya, uamuzi wa ufadhili haujatolewa.

Gharama ya fedha ilikuwa ndogo: nauli, saiba, data ya simu. Gharama ya muda ilikuwa takribani siku tatu za watu wawili, na siku mbili kati ya hizo hazikuzaa kitu kilichoingia katika hati iliyotumwa.

Uchambuzi: kwa nini PDF haikurudi ilikotoka

PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha ISO mwaka 2008, iliundwa ili ukurasa uonekane sawa popote unapofunguliwa au kuchapishwa. Kwa kawaida ndani yake hamna aya wala safu kama mwandishi anavyozielewa. Kuna maelekezo ya kuweka umbo fulani la herufi mahali fulani pa ukurasa. Programu inayobadilisha PDF kuwa DOCX hulazimika kukisia: mistari hii imekaribiana, basi huenda ni aya, tarakimu hizi zimepangika wima, basi huenda ni safu. Jedwali la kikundi halikuwa na mistari ya wima, na katika ukurasa wa 15 safu ya idadi na ya bei zilikaribiana mno, hivyo kigeuzi kikakisia kuwa ni safu moja. Hakikuharibu kitu kilichokuwapo. Safu hazikuwapo tangu PDF ilipotolewa, na hii ndiyo sababu kujaribu tovuti ya pili au ya tatu kungetupa makisio mengine tu. Word yenyewe, kuanzia toleo la 2013, hufungua PDF na kuigeuza iweze kuhaririwa, nayo pia hukisia. LibreOffice huifungua PDF katika programu yake ya kuchora, ambamo mistari ya maandishi huwa vipande vya kuhamishwa kimoja kimoja. Inafaa kusahihisha tarehe, si kuongeza aya.

ODT na DOCX ni jambo tofauti. Zote mbili ni mafurushi ya ZIP yenye XML ndani, yaani maandishi yenye alama zinazotaja kila sehemu ni nini, na zote huita aya aya na jedwali jedwali. DOCX ilikuja na Word ya 2007, na kiwango chake kilipitishwa na ISO mwaka 2008. Kutoka moja hadi nyingine ni kutafsiri, si kukisia, ijapokuwa tafsiri nayo ina mahali pake pa kuteleza, na ile fonti ni ushahidi.

Kwa upande huo, ningependa msomaji azingatie mambo mawili ya kisa hiki pamoja. Kigeuzi cha Jumatatu kilipoteza tulichokihitaji, na kile cha Alhamisi kilihifadhi tusichokitaka. Makosa ya kwanza yalikuwa wazi, na yangesababisha tu aibu ya hesabu. Ya pili hayakuonekana kabisa kwenye ukurasa, na yangemwambia mfadhili kwa maneno ya kikundi chenyewe kwamba bei zimepandishwa. Watu wengi huogopa ubadilishaji unaovuruga; mimi tangu juma lile huogopa zaidi ule unaokwenda shwari.

Uchambuzi: ukaguzi na mpangilio wa kazi

Kijana wa saiba na katibu walikagua hati kwa kuitazama, na kwa kuitazama ilikuwa njema. Ukaguzi ambao ungefichua kila kitu papo hapo, mbele ya kaunta, ungechukua dakika mbili: kuandika sentensi katikati ya aya na kuona kama iliyobaki inasogea, kutafuta neno unalojua limo, kuongeza mstari mmoja kwenye jedwali, na hasa kwenye ukurasa wake wa mwisho. Hati ile ingeshindwa majaribio yote matatu.

Kosa langu lilikuwa la mpangilio. Nilipoona faili mbovu nilivutwa na ugonjwa wake, nikaanza kutibu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoijua na, kusema kweli, ninayoifurahia. Swali la iliko hati ya asili halikuhitaji ujuzi wowote. Katibu hakulitaja kwa kuwa aliamini kompyuta ikiuzwa na faili zimeuzwa. Mimi sikuuliza kwa kuwa nilishashika kipanya. Ujumbe mmoja wa WhatsApp Jumatatu ungeokoa siku mbili. Kilichotuokoa sisi si mpango bali tabia ya kijana mmoja ya kujitumia faili zake.

Uchambuzi: data ya wanachama

Sitaki ieleweke kwamba kila kigeuzi cha mtandaoni ni cha kuogopwa. Mtu mwenye tangazo la mkutano, au shairi, au notisi ambayo kesho itabandikwa mlangoni, hapotezi chochote akilipakia popote. Tatizo la Jumatatu lilikuwa kwamba ombi na kiambatisho vilikuwa faili moja, na hakuna aliyesimama kuuliza kilichomo kwenye kurasa tatu za mwisho. Kupakia ni kuikabidhi hati kwa kompyuta ya mtu mwingine, mara nyingi katika nchi nyingine, na ahadi ya kwamba faili hufutwa baada ya saa kadhaa haina namna ya kuhakikishwa na aliyepakia. Mwezi wa Machi 2025 ofisi ya Denver ya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu vigeuzi vya bure vya mtandaoni vinavyotumiwa kupenyeza programu hasidi na kukusanya taarifa zilizomo katika faili za watu. Ile faili ya exe ya Jumatatu inaonyesha kwamba onyo la namna hiyo halihusu Denver peke yake.

Jumapili mwenyekiti aliwaeleza wanachama kilichotokea na kuwaonya wasitoe nambari zao za siri kwa yeyote atakayepiga simu akitaja nambari zao za vitambulisho. Juu ya hatua ya kisheria hatukukubaliana. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, humtaka mdhibiti wa data, yaani anayeamua data itumiwe kwa nini na vipi, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu kwamba data imefikiwa au kuchukuliwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari halisi ya madhara. Mwenyekiti alisema hakuna ushahidi kwamba yeyote ameichukua, na hilo ni kweli. Mimi niliona kwamba kutokuwa na ushahidi ni sababu ya kuomba ushauri, si ya kunyamaza. Kikundi kilimfuata mwenyekiti.

Jambo moja tu lilibaki la kufanya, nalo ni kuwaandikia wenye tovuti na kuwataka waifute faili. Nilirudi saiba Jumatatu iliyofuata kuuliza ilikuwa tovuti gani. Kijana alinionyesha tano zilizojitokeza juu kwenye utafutaji, zote zenye kitufe cha kijani, akasema ni mojawapo ya hizo. Historia ya kivinjari, ambayo ingetuambia ni ipi, hufutwa kila jioni saiba inapofungwa, ili kulinda siri za wateja.